Wingu au Jogoo: Damu ya Mgonjwa wa Kiharusi Inashuhudia Nini?

Damu iliyotoka mwilini ikitiwa katika bilauri na kuachwa itulie, hujipanga yenyewe. Chini hukaa donge zito linalokaribia weusi, juu yake tabaka jekundu, kisha utando mwembamba mweupe, na juu kabisa maji ya manjano. Mwaka 1921 daktari wa Sweden, Robin Fåhraeus, alitoa wazo kwamba huenda bilauri ya namna hiyo ndiyo iliyowafundisha Wayunani wa kale kuwa mwili huendeshwa na vimiminika vinne: nyongo nyeusi, damu, belghamu na nyongo ya manjano. Fundisho hilo lilipita kwa tabibu Galen, likapokewa na matabibu wa Baghdad na Bukhara, na baadhi ya maneno yake yakafika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Belghamu yenyewe ni neno la tiba hiyo.

Sehemu ya kuangalia ni ule utando mweupe. Kwa mtu mwenye afya ni mwembamba, haushiki jicho. Kwa mwenye homa ya mapafu hunenepa. Matabibu wa Ulaya waliuona kwa karne nyingi, na walichokiona kilikuwa kweli: mwili ukiwa katika mchochota, yaani ule moto wa ndani unaoleta wekundu, joto, uvimbe na maumivu, ini humwaga katika damu protini iitwayo faibrinojeni. Chembe nyekundu hushikamana kama sarafu zilizopangwa, huzama upesi, na juu yake hubaki tabaka nene la weupe. Makosa yalianza katika hatua iliyofuata. Utando ulichukuliwa kuwa ndio ugonjwa, mgonjwa akatolewa damu. Damu ya pili ilipoonyesha utando uleule, akatolewa tena. Watu waliokuwa wakipigania pumzi walipunguziwa damu bakuli kwa bakuli, na ushahidi uliotumika kuwahukumu ulikuwa sahihi.

Inawezekanaje dalili ikawa ya kweli na tiba ikawa ya kuua?

Wahenga waliliweka swali hilo katika methali mbili. Ya kwanza: dalili ya mvua ni mawingu. Ya pili: jogoo likiwika lisiwike, kutakucha. Wingu ni dalili ya mvua kwa kuwa ndilo lililoibeba; likitawanyika, mvua hakuna. Jogoo naye ni dalili ya alfajiri, tena ya kuaminika, lakini akichinjwa usiku alfajiri itakuja vilevile. Kwa mtu aliyelala kitandani akisikiliza na kutazama dirishani, dalili hizi mbili zina uzito mmoja. Tofauti yake hudhihirika pale anapotaka kutenda jambo.

Leo swali la wingu na jogoo limehamia katika wodi za wagonjwa wa kiharusi, hasa kile kinachotokana na mshipa wa ubongo kuzibwa na bonge la damu. Ugonjwa huu umebeba dhana ya pigo katika lugha nyingi. Wayunani waliuita kwa neno lenye maana ya kuangushwa kwa pigo, Waingereza nao wanauita pigo, na Mswahili husema fulani amepigwa na kiharusi. Palipo na pigo, akili humtafuta aliyepiga.

Watafiti walihesabu viharusi vipya katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, na katika jiji la Dar es Salaam kwa miaka 3 kuanzia Juni 2003. Baada ya kuoanisha umri wa wakazi, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Hai walikuwa 109. Utafiti mwingine ulioketi na familia na kuzisikiliza ulikuta jambo la kufikirisha. Jijini ndiko kiharusi kilikohusishwa sana na mashetani na uchawi. Vijijini Hai, watu walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi.

Si haki kuwadharau wale wa mjini. Mtu aliyekula chakula cha jioni akizungumza na watoto wake, asubuhi akaamka mdomo umepinda na mkono umekufa, ameingia katika tukio linalodai maelezo makubwa kuliko neno presha. Wanafunzi wa Yesu, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu hakumchagua hata mmoja wao. Swali la nani aliyesababisha ni la kale, na linatoka kwa watu wenye uchungu.

Hospitalini swali hilo hupewa sura nyingine. Mgonjwa huchukuliwa damu, na baada ya muda karatasi ya maabara hurudi na namba. Mojawapo inaweza kuwa ya protini iitwayo CRP.

Protini hii ilionekana mara ya kwanza New York, katika Taasisi ya Rockefeller, mwaka 1930. William Tillett na Thomas Francis walikuwa wakichunguza damu ya wagonjwa wa homa ya mapafu, wakati ambapo antibiotiki hazijaingia hospitalini. Walichanganya maji ya damu na kitu walichokitoa katika bakteria wa ugonjwa huo, wakakiita sehemu C. Damu ya mgonjwa aliyezidiwa iliganda ikawa ukungu. Damu ya yuleyule alipopona haikufanya kitu. Baadaye ilibainika kwamba protini hiyo hutengenezwa na ini, kwa amri ya kemikali ya kinga iitwayo interlukini-6, na kwamba mwili ukiwaka inaweza kupanda mara 1,000. Moto ukizimika hushuka haraka: kila baada ya saa 19 hivi, nusu yake huwa imekwisha katika damu.

Kwa mgonjwa wa kiharusi, kinachopandisha namba hii ni mambo mengi kwa wakati mmoja. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa na kumwaga vitu vyake nje. Seli za ulinzi za ubongo huamka, chembe nyeupe huitwa kutoka kwenye uboho wa mifupa na kufika ndani ya saa chache. Lakini huenda namba ilikuwa juu hata kabla ya pigo, kwa kuwa mafuta yaliyojishika katika kuta za mishipa yamekuwa yakichochota humo miaka mingi. Na huenda imepanda siku ya tatu kwa sababu mgonjwa ameshindwa kumeza vizuri, uji ukapita njia ya mapafu, nimonia ikaanza. Moto wa mshipa, kifo cha ubongo na ugonjwa wa mapafu vyote huzungumza kwa mdomo mmoja.

Ndiyo maana wenye CRP ya juu, kwa wastani, hupona kwa shida zaidi na hufa wengi zaidi. Vivyo hivyo kwa kipimo cha bei nafuu kuliko hicho, kinachopatikana kwa kugawa idadi ya chembe nyeupe aina ya nyutrofili kwa idadi ya limfosaiti. Hakihitaji mashine mpya. Kimo ndani ya picha kamili ya damu ambayo hata hospitali ya wilaya huitoa. Baada ya kiharusi kikubwa nyutrofili hupanda na limfosaiti hushuka. Watafiti wa Berlin walionyesha kwa panya, mwaka 2003, kwamba ubongo uliojeruhiwa wenyewe huidhoofisha kinga ya mwili na kufungua mlango wa maambukizi. Mwili mmoja unawaka na kuzimika kwa wakati uleule.

Je, namba hiyo ni wingu au ni jogoo?

Miaka zaidi ya 900 iliyopita, mwanachuoni mmoja alilipima swali la aina hii kwa ukali ambao bado una manufaa. Abu Hamid al-Ghazali, mwanafikihi wa madhehebu ya Shafi, yaleyale yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, alikuwa mwalimu katika chuo cha Nizamiyya, Baghdad. Mwaka 1095 alimaliza kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, na katika mjadala wa 17 alichukua mfano wa pamba na moto. Pamba ikigusana na moto, inaungua. Macho yameona nini hasa? Yameona kuungua kukitokea wakati wa kugusana. Hayakuona kwamba kuungua kumetokea kwa sababu ya kugusana. Kitu kutokea pamoja na kingine ni jambo moja, kutokea kwacho kwa sababu ya kingine ni jambo la pili, na baina yake kuna pengo ambalo jicho peke yake halilivuki. Miongoni mwa mifano aliyoitaja palepale umo wa dawa na kupona.

Kwa Ghazali mwenyewe hoja ilikuwa ya tauhidi: atendaye ni Mungu, na mpangilio wa mambo ni desturi aliyoiweka. Ibn Rushd, kadhi na tabibu wa Andalusia, alimjibu katika karne ya 12 kwamba anayekana sababu anaikana elimu yenyewe. Ugomvi wao unasimuliwa kama vita kati ya dini na sayansi, na kuusimulia hivyo ni kuwapunja wote wawili. Ghazali hakumkataza mtu kuamini kwamba moto utaunguza. Alikataza kuruka lile pengo kwa kufumba macho. Katika mjadala uleule alileta mfano wa kipofu aliyeondolewa utando wa macho mchana, akaanza kuona rangi, akadhani kufumbuka kwa macho kumetosha kumpa rangi hizo. Jua lilipozama na rangi zikatoweka, alijua kwamba mwanga nao ulikuwa na kazi yake. Elimu ilimfikia kitu kimoja kilipoondolewa na vingine vikabaki kama vilivyokuwa.

Kuzama kwa jua kwa namna hiyo, kwa habari ya CRP, kulifanyika Copenhagen. Baadhi ya watu huzaliwa na jeni zinazowapa CRP ya juu maisha yao yote, bila kujali wanavyokula wala wanavyoishi. Ni kama kura iliyopigwa tumboni mwa mama. Iwapo protini hii ndiyo inayoleta maradhi, hao wangepaswa kupata viharusi zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Denmark walitoa majibu kutoka kwa makumi ya maelfu ya watu. Walikuta jeni zinazoweza kuipandisha CRP kwa hadi asilimia 64. Kwa hesabu ya kawaida, hatari ya maradhi ya mishipa ya ubongo ingepanda kwa hadi robo. Haikupanda.

CRP ni jogoo.

Hukumu hiyo ingekuwa mwisho wa maneno kama moto wenyewe ungekuwa jogoo pia, na ushahidi hauelekei huko. Utafiti wa rekodi za madaktari wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2004, uliwafuatilia watu waliougua maambukizi ya kifua na kukuta kwamba katika siku 3 za kwanza hatari yao ya kiharusi iliongezeka zaidi ya mara 3, wakilinganishwa na siku zao za uzima. Mwaka 2017 jaribio liitwalo CANTOS, lenye wagonjwa 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo, lilitumia dawa inayozima mjumbe mmoja wa mchochota bila kugusa lehemu hata kidogo. Mashambulio mapya ya moyo yalipungua. Viharusi havikupungua kwa kiasi cha kujivunia, na maambukizi ya kuua yaliongezeka. Kwa hiyo nyuma ya jogoo liko wingu, lakini wingu hilohilo ndilo linalonyeshea mashamba: moto unaoharibu mshipa ni ndugu wa moto unaowachoma wadudu wa maradhi.

Waliosahau undugu huo walilipa. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya dawa ya kingamwili iitwayo enlimomab, iliyobuniwa kuzizuia chembe nyeupe zisishike kuta za mishipa na kuingia katika ubongo uliojeruhiwa. Mantiki yake ilikuwa safi. Chembe nyeupe huonekana mahali pa uharibifu. Zizuie, uharibifu utapungua. Wagonjwa 625 waliingia katika jaribio. Baada ya siku 90, waliokufa kati ya waliopewa dawa walikuwa asilimia 22.2, na kati ya waliopewa dawa isiyo na kitu asilimia 16.2. Dawa yenyewe ilitengenezwa kwa protini za panya na iliwatia wagonjwa homa.

Jaribio hilo lina uhusiano mkubwa zaidi na bakuli za damu za kale kuliko madaktari wa leo wanavyopenda kukiri. Mara zote mbili macho yaliona sawasawa, na mgonjwa akabebeshwa gharama ya pengo lililorukwa. Tofauti moja kubwa ipo, nayo ni ya kuheshimiwa: safari hii watu walihesabu, wakachapisha, wakaacha.

Baada ya hapo tumaini likahamia kwenye dawa ya zamani mno. Kolchisini hutoka katika ua ambalo Waarabu waliliita suranjan, na tabibu Ibn Sina aliliandika miongoni mwa tiba za maumivu ya viungo. Hadi leo ni dawa ya jongo. Ni ya bei ndogo na hupunguza mchochota. Kwa wagonjwa wa moyo imeleta faida, hata Marekani ikaidhinishwa kwa kazi hiyo mwaka 2023. Kwa kiharusi, mambo yamekuwa ya kusubiri. Jaribio la CONVINCE, la Ulaya na Kanada, liliwapa dawa hiyo nusu ya wagonjwa 3,154 waliokwisha kupata kiharusi. Waliopatwa na kiharusi kingine, shambulio la moyo au matukio mengine ya hatari ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 9.8, wakati kwa wasioipata walikuwa asilimia 11.7. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kiasi kwamba bahati peke yake inaweza kuileta. Jaribio la China liliwachagua wagonjwa 8,343 kwa namba ya damu yenyewe, wote wakiwa na CRP ya miligramu 2 kwa lita au zaidi, likawafuata kwa siku 90: waliopatwa na kiharusi kingine walikuwa asilimia 6.3 kwa waliopewa dawa, na 6.5 kwa wasiopewa. Hakuna kitu. Majibu yote mawili yalitoka mwaka 2024.

Mtu afanye nini na tiba ya namna hiyo, ambayo haijathibitika wala haijakanushwa? Hapa Ghazali anarudi, safari hii akiwa mshauri wa waumini. Katika Ihya Ulum al-Din, kitabu kilichopendwa sana na masheikh, mlango wa kutawakali, alizigawa njia za kuondoa madhara katika mafungu matatu. Zipo za yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa. Kuziacha kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu si kutawakali. Zipo za dhana yenye nguvu, kama kuumika na dawa nyingine za matabibu. Kuzitumia hakumtoi mtu katika kutawakali. Na zipo za kuwazia tu, na humo aliweka kuchoma mwili kwa chuma cha moto na kusomewa. Mwanachuoni wa dini aliiweka dawa ya tabibu juu ya kisomo katika ngazi ya uhakika. Jambo hilo linastahili kusemwa kwa sauti katika nyumba ambazo mgonjwa wa kiharusi huhifadhiwa ndani siku tatu akisubiri mtaalamu wa majini.

Ngazi hiyo ni nzuri kwa madaktari pia. Kushusha presha ya damu ili kuzuia kiharusi kumekaribia yakini. Kolchisini baada ya kiharusi bado ni dhana. Kumpa mgonjwa dawa ili tu namba ya CRP ishuke, huku hakuna ajuaye namba hiyo inazungumzia mshipa, ubongo au mapafu, ni kuwazia. Namba ikipanda siku ya tatu, faida yake ni kumfanya muuguzi asikilize kifua, apime homa, aangalie kama mgonjwa anameza salama. Hata antibiotiki za kinga, zilizojaribiwa nchini Uholanzi katika utafiti wa wagonjwa zaidi ya 2,500 kabla maambukizi hayajaonekana, hazikuwafanya waliozipata waamke na uwezo zaidi.

Liko kosa moja la mwisho, nalo ni zito kuliko yote. Wastani wa watu elfu huchukuliwa ukageuzwa hukumu ya mtu mmoja. Familia huambiwa damu inaonyesha vibaya. Wanaishiwa nguvu, mazoezi ya viungo yanalegezwa, mgonjwa hageuzwi kitandani kama inavyopasa, vidonda vinatoka, nimonia inaingia, na namba inatimia. Utabiri uliojitimiza kwa njia hiyo haukuwa elimu. Waumini wa dini zote za pwani na bara wanakubali kwamba ajali ya mtu haisomwi na mwanadamu, na katika hili takwimu ziko upande wao: CRP ya juu hugawa makundi, haimtaji aliyelala kitanda cha nne.

Aliyelala kitanda cha nne ana haki ya kugeuzwa, kulishwa kwa uangalifu, kunyooshwa mkono na kusemeshwa, hata kama karatasi yake ni mbaya. Na ambaye hajafika kitandani ana haki ya kufikishwa mapema. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukakataa kuinuka, ulimi ukawa mzito, iangaliwe saa na litafutwe gari. Dawa ya kuyeyusha bonge, mahali ilipo, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, baada ya picha ya ubongo kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Wanaotaka kumsomea au kumwombea mgonjwa, wapande naye garini, wamsomee njiani.